Mstari wa Mia na Themanini na Moja

Kisinga, siku ya malipo.
Mvua imeshuka Rwenzori bila kubisha hodi,
umeme unakwenda na kurudi kama mdeni mwenye aibu,
na mimi niko na lahajedwali la kahawa:
jina, kilo, bei, jumla.

Makro niliirithi kwa Bwambale
aliyehamia Mbarara kwa mshahara mnono.
Aliniachia ufunguo wa ghala,
kikombe kilichokatika mkono,
na amri kumi na nne nisizopaswa kuzigusa.
"Inafanya kazi," alisema. "Kinachofanya kazi hakiulizwi."

Nikabonyeza. Ikakimbia
A2 hadi D180, kama maji mferejini,
ikazidisha kilo kwa bei,
ikakata deni la miche,
ikapaka kijani kila aliyelipwa,
ikanyamaza.

Ndipo Kabugho akasimama dirishani,
kitambulisho mkononi, matope hadi magotini.
"Nilileta kilo sitini na mbili. Nyekundu tupu.
Mlizipima wenyewe."

Nikamtafuta. Yupo.
Mstari wa mia na themanini na moja,
jina sahihi, kilo sahihi,
na penye jumla, weupe.

Nimwambie nini?
Kwamba siku Bwambale alipoziandika zile amri
wanachama walikuwa mia na sabini na tisa,
akapiga mpaka hapo hapo miguuni pa wa mwisho,
na mashine, isiyo na jicho la pembeni,
haikuambiwa kwamba watu huendelea kuja?

"Mama, rudi saa tisa."
"Saa tisa ya leo?" akauliza,
na foleni nzima ikacheka, isipokuwa mimi.

Sisi Wakonzo hupewa majina kwa zamu.
Binti wa kwanza Masika, wa pili Biira, wa tatu Kabugho.
Daftarini mwetu wamo akina Kabugho kumi na wanne,
kila mmoja na nyumba yake ya kuwa wa tatu.
Nami nilipokuja, wa tano, Thembo,
mama hakusema orodha imejaa.
Alisogeza mkeka.

Nikaifungua makro.
Nikafuta 180. Mkono ulitetemeka kidogo,
kama mtu anayeng'oa kigingi cha shamba la jirani.
Nikaandika: anza juu, shuka safu ya kilo
hadi utakapokuta seli tupu.

Ikashuka. Ikasimama mstari wa hamsini na saba.
Masereka wa Kyondo, tuliyemzika Julai.
Hakuna aliyemjazia kilo,
hakuna aliyethubutu kumfuta,
na mashine ilipofika kwenye pengo lake
ikadhani dunia imeishia pale.

Umeme ukakatika. Ukarudi.
Nikanywa chai iliyopoa katika kikombe cha Bwambale.

Basi nikageuza njia.
Nenda chini kabisa, nikaiambia,
mstari wa milioni na ushei, kusikoishi mtu,
kisha panda.
Panda kama tupandavyo sisi kutoka bondeni,
ukiyapita matupu yote bila kuuliza,
mpaka umgonge mtu.
Huyo wa kwanza utakayemgonga
ndiye wa mwisho aliyekuja.
Kutoka kwake hadi juu, wote ni wetu.

Ikapanda. Ikamgonga Ithungu, mia mbili na tatu.
Watu ishirini na watatu
ambao kwa misimu miwili
walikuwa wanaleta kahawa nje ya ukuta.
Kijani kikashuka hadi chini.

Saa tisa na robo Kabugho alihesabu noti zake mara mbili,
akainama kuchungulia kioo juu ya bega langu,
kidole chenye utomvu kikapanda polepole
kikasimama kwenye sifuri ya hamsini na saba.

"Huyu mbona hana kitu?"
"Marehemu, mama."
"Yeye, ndiyo," akasema. "Lakini mkewe
amechuma msimu mzima.
Magunia yake si yale pale, nyuma ya mlango?"